Kurusha Mawimbi Mwezini Kutoka Kisumu: Mwongozo wa Mwanaredio wa Ridhaa

Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa, na katika mawimbi ya redio yanayougonga hurudisha kama asilimia 7 tu. Hicho kidogo kinatosha. Mwanaredio wa ridhaa, yaani anayerusha mawimbi kwa kupenda tu wala si kwa malipo, aliye Kisumu akielekeza antena mwezini, na mwenzake wa Osaka au Texas akafanya vivyo hivyo, wanaweza kusalimiana bila setilaiti, bila mnara wa simu wala intaneti kati yao. Wimbi huenda na kurudi kwa muda wa sekunde 2.5 hivi.

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nayo inalijua anga lao. Mwezi wa kwao hupanda kwa mshazari na kubaki upande wa kusini. Wa kwetu hupanda wima na kupita karibu na utosi. Tofauti hiyo hubadilisha namna ya kushika antena, saa za kufanya kazi na hata mahali pa kusimamisha mlingoti. Kwa sababu hiyo nimeanzia Kisumu, ingawa aliye Nakuru, Kakamega au Homa Bay ataufuata mwongozo huu bila taabu.

Hatua ya kwanza: piga hesabu kabla ya kutoa pesa

Anza na bendi (kipande cha masafa ya redio) ya megahezi 144. Antena yake unaweza kuichonga mwenyewe, na wenzako duniani ni wengi huko. Kwenye bendi hii safari ya kwenda mwezini na kurudi hula takriban desibeli 252. Desibeli 10 ni kupungua mara kumi, 20 ni mara mia. 252 ni zaidi ya moja ikifuatwa na sifuri 25.

Sasa chukua stesheni kubwa ya Ulaya yenye wati 1,000 na Yagi nne (antena za vijiti vilivyopangwa kwenye boriti moja) zilizounganishwa, nguvu yake ya kulenga ikiwa desibeli 20. Wewe una Yagi moja ya desibeli 13. Ukijumlisha na kutoa, mawimbi yake yanakufikia yakiwa kama desibeli 19 chini ya kelele, kwa kipimo cha upana wa hezi 2,500 ambacho wanaredio hutumia. Sikio la binadamu haliambulii kitu hapo. Laptopu inaambulia, kwa sababu modi ya Q65 ya sekunde 60, namna ya kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta, hufumbua ujumbe hadi karibu desibeli 27 chini ya kelele.

Geuza upande. Wewe ndiye unarusha, una wati 100, antena ni zilezile. Unamfikia ukiwa desibeli 29 chini. Umepungukiwa desibeli mbili, na kwa mbili hizo hakuna mawasiliano. Ukipata amplifaya ya wati 200 unaongeza tatu. Ukifanya kazi mwezi ukiwa chini juu ya maji ya ziwa, unaweza kuongeza nne au tano bila kununua chochote. Nitalieleza hilo mbele, maana ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii.

Hesabu hii inafundisha utaratibu wote: utamsikia mwenzako kabla hajakusikia. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye kusikia.

Hatua ya pili: leseni na anwani yako ya hewani

Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa. Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na ukiipata utapewa jina la hewani linaloanza na 5Z4. Watafute watu wa ARSK, chama cha wanaredio wa ridhaa nchini, mapema kabisa. Soma masharti ya leseni yako kuhusu bendi na nguvu unazoruhusiwa, uyafuate.

Jambo jingine ni anwani ya gridi, herufi na tarakimu zinazoeleza ulipo duniani. Kisumu mjini ni KI79, na kwa herufi sita ni KI79jv. Nakuru ni KI89. Ukivuka ikweta pale Maseno ukaenda Kakamega, herufi ya pili inabadilika, unakuwa KJ70. Usikosee hapa. Programu hutumia anwani hiyo kukuambia mwezi uko wapi, na mwenzako wa ng'ambo huenda anaitafuta gridi yako kwa hamu, kwa kuwa wanaofanya kazi hii kutoka ukanda wetu ni wachache.

Hatua ya tatu: lijue anga lako

Kwenye ikweta mwezi hukaa juu ya upeo kama saa 12 kila siku, mwaka mzima. Mwenzetu wa Finland hana bahati hiyo. Mwezi ukielekea kusini sana, kwake unachungulia tu au hauonekani kabisa. Huchomoza kwetu upande wa mashariki, lakini si palepale kila siku: katika mwezi mmoja mahali pa kuchomozea huhama kaskazini na kusini. Upana wa kuhama huko hubadilika kwa mzunguko wa miaka 18.6, kati ya digrii 18.5 na 28.5 kila upande. Mwaka 2025 ulikuwa kwenye upana mkubwa.

Saa za kuongea na watu hufuata longitudo. Mwezi unapochomoza Kisumu, uko juu ya Asia ya Mashariki na Australia, basi hiyo ndiyo saa ya Wajapani. Unapotua Kisumu umeshafika upande wa Amerika, na Wamarekani wanaamka nao. Ulaya unaweza kuipata sehemu kubwa ya siku, kwa kuwa longitudo zetu hazijaachana sana.

Chagua siku. Mwezi ukiwa karibu huwa kilomita 356,500 hivi, ukiwa mbali hufika karibu 406,700. Tofauti hiyo ni kama desibeli mbili kwa safari nzima, zilezile mbili tulizopungukiwa. Epuka mwezi mwandamo, kwa sababu mwezi uko karibu na jua na jua lina kelele ya redio. Epuka pia siku mbili tatu ambazo mwezi unapita mbele ya kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu; kwenye megahezi 144 sehemu hiyo ya anga hunguruma. Ni siku ambazo mwezi uko kusini kabisa. Mawingu yasikutie wasiwasi hata kidogo. Bendi hii hupenya mawingu, wala huhitaji kuuona mwezi kwa macho. Mchana kweupe kazi inaendelea.

Hatua ya nne: antena, na namna ya kuinamisha kichwa chake

Tafuta mchoro wa Yagi uliothibitishwa, wenye vijiti 9 au 10 na boriti ya mita 4 hadi 5, uwe umelenga megahezi 144.1. Unakili kwa milimita. Vijiti vina urefu wa karibu mita moja kila kimoja, na milimita tano zikipotea antena inalenga masafa mengine. Mafundi wanaotengeneza madirisha ya alumini wana mabaki mazuri ya boriti. Vijiti vya alumini vya milimita 8 au 10 waulize hao hao au wauza vyuma.

Kuna mtego mmoja. Kijiti kikipita ndani ya boriti ya chuma na kuigusa, chuma hicho hukifanya kiwe kama kifupi, na lazima urefushe kwa milimita kadhaa. Mchoro utakuambia kama umehesabia boriti ya chuma au la. Njia nyepesi ni kuvipandisha vijiti juu ya boriti kwa vipande vya plastiki, visiguse. Ukimaliza, pima kwa NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, au kingine kama hicho kabla hujapandisha mlingotini, antena ikiwa imeelekezwa angani na mbali na mabati.

Hapa ndipo mwongozo wa Ulaya utakupoteza. Wengi wao husema anza na antena inayozunguka tu, isiyoinama, usubiri mwezi uchomoze au utue. Kwa mtu wa latitudo ya 50 hilo lina maana, kwa sababu mwezi wake huambaa na upeo kwa muda mrefu. Kwetu hupanda digrii 14 au 15 kwa saa, wima. Antena isiyoinama itakupa muda usiotimia saa moja mwezi unapochomoza na mwingine kama huo unapotua, halafu mwezi umekuacha. Tengeneza kiinamisho tangu mwanzo.

Hakihitaji injini. Fremu ya mbao, boliti moja ya kupindia, na kamba ya kufungia vinatosha. Bandika kipimapembe cha shule kwenye boriti na uning'inize timazi, ileile ya fundi mwashi, kutoka katikati yake. Uzi unapoangukia ndipo pembe ya mwinuko ilipo. Yagi ya ukubwa huu huona upana wa zaidi ya digrii 30, kwa hiyo ukikosea digrii tano hupotezi kitu cha kusikitikia, na kusogeza antena mara moja kila nusu saa kunatosha. Kwa uelekeo tumia dira ya kawaida: hapa kwetu kaskazini ya dira na kaskazini halisi hazijaachana kiasi cha kukusumbua.

Hatua ya tano: tengeneza sikio

Kifaa muhimu kuliko vyote ni priampu, kikuza mawimbi kinachofungwa juu mlingotini, karibu kabisa na antena. Ukikiweka mezani pako, kebo inayoshuka itakuwa tayari imekula mawimbi uliyopewa na mwezi, na hakuna cha kuyarudisha. Kelele yake yenyewe ikiwa chini ya desibeli 1 inatosha kwa bendi hii. Usimlipe mtu zaidi kwa ajili ya sehemu ndogo ya desibeli, kwa sababu anga la megahezi 144 lenyewe lina kelele kuliko hiyo.

Adui wa kweli yuko nyumbani. Taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, vidhibiti vya sola, inveta, televisheni ya jirani, nyaya za stima zenye vikombe vilivyopasuka: vyote hivi hunguruma kwenye bendi hii. Keti na redio, zima swichi kuu ya nyumba ukitumia betri, uangalie kelele imeshuka kiasi gani. Kisha washa kifaa kimoja kimoja. Baada ya hapo zungusha antena upande hadi upande na uandike kelele inatoka wapi. Ukigundua kwamba mji mzima unakunguruma kutoka upande mmoja, fikiria kufanya kazi nje, kwenye uwanda wa Kano au ufuoni, kwa betri. Desibeli tatu za kelele ukiziondoa, umefanya sawa na kuongeza antena ya pili.

Hatua ya sita: sikia rada ya Ufaransa

Kabla ya kutafuta mwanaredio yeyote, jaribu sikio lako kwa kitu kikubwa. Ufaransa ina rada ya kufuatilia setilaiti iitwayo GRAVES, karibu na Dijon, inayorusha wimbi lisilokatika kwenye megahezi 143.050 kuelekea kusini. Mwezi ukipita ndani ya mwale wake, wimbi hilo huugonga na kurudi duniani, na Yagi moja yenye priampu hulipokea.

Fungua redio yako, hata ile ndogo ya USB inayochomekwa kwenye laptopu, uonyeshe kwenye skrini maporomoko ya masafa, ile picha inayoshuka ya mawimbi yanayopokewa. Mwezi unapaswa kuwa kwenye nusu ya kusini ya anga la Ufaransa, mwinuko kati ya digrii 15 na 40 hivi kwa huko, na wakati huo uwe juu kwako pia. Utaona mstari hafifu, mpana kidogo, usiokaa mahali pamoja: unateleza polepole dakika baada ya dakika. Huko ndiko kuteleza kwa Doppler, yaani masafa kubadilika kwa sababu ya mwendo. Mtu wa ikweta anabebwa na dunia kwa kasi ya mita 465 kwa sekunde, kubwa kuliko mahali pengine popote, na kwenye megahezi 144 mwangwi wako mwenyewe unaweza kuhama kwa hezi zipatazo 440 mwezi unapochomoza au kutua. Mstari usipoteleza, huo si mwezi, ni chaja ya mtu.

Hatua ya saba: programu na saa

Jeshi la Marekani lilipokea mwangwi wa mwezi tarehe 10 Januari 1946 huko New Jersey, na wanaredio wa ridhaa wakaongea kupitia mwezi kwa mara ya kwanza mwaka 1960, kati ya California na Massachusetts. Kwa miaka 40 iliyofuata kazi hii ilibaki ya wenye antena kubwa kubwa. Aliyeifungulia mlango watu kama sisi ni Joe Taylor, mwanafizikia wa Princeton aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1993, ambaye alitumia ujuzi wake wa kutafuta mawimbi dhaifu ya nyota kuandika programu ya WSJT mwaka 2001. Inayotumika leo ni WSJT-X, nayo ni ya bure.

Isakinishe, weka jina lako la hewani na gridi yako, kisha chagua JT65B, modi nyingine ya aina hiyohiyo, au Q65 ya sekunde 60. Fungua dirisha la data za anga: litakuonyesha uelekeo wa mwezi, mwinuko, Doppler ya sasa, na hasara ya siku hiyo kwa desibeli. Hakikisha saa ya laptopu haijakosea zaidi ya sekunde moja, kwa intaneti au kwa GPS. Halafu sikiliza kati ya 144.100 na 144.160, hasa wikendi. Fumbua stesheni kadhaa kwa siku tofauti kabla ya kugusa amplifaya.

Hatua ya nane: nguvu na usalama

JT65 hurusha kwa sekunde 47 mfululizo, dakika moja ndiyo na moja siyo. Amplifaya iliyoandikwa wati 300 kwa mazungumzo ya kawaida isukume kwa 150 au 200, na iwekee feni. Amplifaya ya wati 200 huvuta zaidi ya ampea 25 kwenye volti 13.8, nyaya nyembamba zitapata moto na volti itaanguka. Kati ya redio, priampu na amplifaya lazima kuwe na kipangaji cha zamu, kinachogeuza rilei (swichi za umeme) kwanza na kuruhusu nguvu baadaye. Bila hicho, priampu itaungua siku ya kwanza.

Mtu asisimame mbele ya antena wakati wa kurusha, hasa watoto ambao watakuja kutazama.

Na radi. Eneo la Kisumu, Kakamega na Kericho ni miongoni mwa yale yenye radi nyingi duniani, na mara nyingi hufika alasiri na jioni. Fukia fimbo ya ardhi, unganisha mlingoti nayo kwa waya mnene, na ukiona mawingu yanajikusanya upande wa Nandi, chomoa kebo na uiache nje ya nyumba. Usingoje ngurumo ya kwanza.

Hatua ya tisa: jioni ya ziwani

Chagua siku ambayo mwezi uko karibu na unatua saa za kukufaa. Nenda mahali ambapo Ghuba ya Winam imetanda magharibi yako, kama Dunga. Zungumza na kamati ya ufuo mapema, uwaeleze unachofanya. Ukikaa usiku, kaa mbali na njia za viboko. Hutoka majini kula nyasi gizani na hawapishani na mtu.

Simamisha antena vijiti vikiwa mlalo, mita 6 juu ya maji, karibu na ukingo. Mwezi ukishuka hadi digrii 5, wimbi linalokwenda moja kwa moja na lile linalodunda juu ya maji hukutana yakiwa pamoja, nguvu ikaongezeka hata kukaribia mara nne. Antena ikiwa juu zaidi, pembe hiyo hushuka. Ikiwa chini, hupanda. Kuanzia digrii 8 hadi 2 ndiyo nafasi yako, na kwa kuwa mwezi wetu hutua wima, nafasi hiyo ni kama nusu saa. Kila kitu kiwe tayari kabla.

Panga mapema na stesheni kubwa ya Amerika: masafa gani, nani anaanza dakika ya kwanza. Mtumie jina lake, jina lako na gridi. Akikufumbua atakutumia ripoti ya jinsi unavyosikika. Mrudishie R (nimepokea) pamoja na ripoti yako. Atajibu RRR, na mnamaliza kwa 73, salamu ya kuagana. Kwa mwendo mzuri ni dakika sita hivi, lakini inaweza kuchukua nusu saa nzima. Wakati mnaendelea msiambiane kwenye gumzo la intaneti nani amesikia nini. Kilichopita kwenye intaneti hakikupita mwezini, na mawasiliano ya namna hiyo hayaandikwi kwenye daftari.

Usipojibiwa ilhali unamfumbua vizuri, huenda wimbi limepindishwa. Likipita kwenye ayonosfea, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, mlalo wake (uelekeo wa mtikisiko wake) huzunguka. Tena mlalo wa Kisumu si mlalo wa Texas ukitazamwa kutoka mwezini. Wimbi likifika limesimama wima kwenye antena iliyolala, karibu lote linapotea. Dawa ni kusubiri, kwa sababu kuzunguka huko hubadilika ndani ya saa moja au hata chini, au kuzungusha Yagi nzima digrii 90 kwenye mhimili wake kama fremu yako inaruhusu. Jambo jingine la ukanda wetu: baada ya jua kutua hadi karibu usiku wa manane, hasa Machi na Aprili na tena Septemba na Oktoba, ayonosfea ya ikweta huchafuka na mawimbi humetameta, yakija na kukatika. Nyakati hizo afadhali mwezi unaotua alfajiri.

Ukishazoea

Yagi ya pili ikiunganishwa vizuri huongeza karibu desibeli 3 za kusikia na 3 za kurusha. Lakini ukiona dishi kuukuu la setilaiti la mita mbili au tatu limelala kwenye paa la mtu, mwulize kama analiuza. Kwenye megahezi 1296 dishi hilo hufanya kazi kubwa: anga la huko ni tulivu, na kule kupindishwa kwa mlalo hakukusumbui kwa sababu mawimbi hurushwa yakizunguka. Kumbuka tu kwamba mwezi hugeuza mzunguko, kwa hiyo unarusha kwa mkono mmoja na kupokea kwa mwingine, na kwamba Doppler ya huko hufika karibu hezi 4,000. Dishi lina macho membamba, digrii 6 hivi kwa la mita tatu. Timazi na kipimapembe bado vitakufikisha, ila utausogeza uelekeo kila baada ya dakika chache.